Farasi Wangapi Wanalivuta Gari Lenyewe?



Juma hili tunaomba mtuvumilie, kwani tafakari yetu haitahusu masomo ya Dominika bali itahusu magari. Ninyi mlio hapa Kamachumu mnaifahamu sababu yake. Nanyi mnaotusoma kutoka Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo, ambao wengi wenu mmewahi kuchangia parokia hii, mna haki ya kuifahamu pia.

Gari la parokia limezeeka. Ni Land Cruiser ile ya umbo la sanduku, ambayo watu huiita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa lililosimama kando ya kioo cha mbele mfano wa mkonga wa tembo. Kwa misimu mitatu ya kahawa waamini wamekuwa wakichanga ili tupate mkonga mwingine, uliotumika lakini wenye afya. Kabla mchango haujatimia, mwana mmoja wa Kamachumu aliyejaliwa mafanikio huko mjini ametuandikia barua ya moyo mwema. Yuko tayari kutupatia Land Cruiser yake ya VX yenye injini ya V8, nzima, bila malipo yoyote. Jumapili ijayo halmashauri ya walei itakaa ili kutoa jibu. Wengi wameshangaa kusikia kwamba kuna la kujadili. Wanauliza: je, anayepewa huchagua?

Sisi tunaotoka katika nchi ya migomba tunalijua jibu la swali hilo. Mtu akipewa ng'ombe, siku ya kwanza hushukuru, na siku ya pili hutafuta majani. Hakuna ubaya kumwuliza mtoaji, kwa heshima na shukrani, ng'ombe huyo anakula kiasi gani. Kwa hiyo tumeona vema kuyaweka mbele yenu mahesabu ya magari haya mawili, ili anayekuja kikaoni aje akiwa na kitu cha kupima.

Tuanze na nasaba yao, maana ni ndugu wa ukoo mmoja. Mkonga ni wa mfululizo ambao Toyota huuita wa 70, uliotoka mwaka 1984 na ambao hadi leo bado unatengenezwa. Injini yake tuliyoizoea huku ni ya dizeli, ya silinda sita na lita 4.2, iliyoanza kufungwa mwaka 1990. Haina tabo, yaani ile pangaboi inayosukuma hewa ndani ya injini, na inatoa takribani nguvu za farasi 130. Gari lenyewe, likiwa tupu, lina uzito wa tani mbili na kidogo. VX tunayopewa ni ya mfululizo wa 200, uliozinduliwa mwaka 2007. Injini yake ya dizeli ina silinda nane, lita 4.5 na tabo mbili, na nguvu zake ni kati ya farasi 230 na 280 kutegemea nchi ambayo gari lilitengenezewa. Uzito wake hukaribia tani mbili na kilo mia saba. Hili ndilo gari ambalo Watanzania wamelibatiza jina la shangingi, neno ambalo hutumika pia kwa mtu wa mapambo mengi na makeke mengi.

Tusiwe wanyimivu wa ukweli. Mkitazama tarakimu hizo mtaona kwamba nguvu imekaribia kuongezeka maradufu, hali uzito umeongezeka kwa robo tu. Basi shangingi litaupanda mlima kutoka Muhutwe kwa wepesi ambao mkonga hauwezi kuuota. Tena injini isiyo na tabo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kwenda juu, kwa kuwa hewa ya juu ni hafifu. Ziwa letu lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kamachumu uko juu zaidi. Hivyo mkonga hufika hapa ukiwa umekwisha kuwaacha njiani baadhi ya farasi wake. Mwenye tabo hawaachi kwa urahisi hivyo.

Lakini sasa tuutazame uzito kwa jicho la mkulima. Tofauti ya magari haya mawili, yakiwa matupu, ni kama nusu tani. Gunia la kahawa ni kilo 60. Ni sawa na kusema kwamba shangingi hupanda kila mlima likiwa limebeba magunia nane ya kahawa ambayo hayatauzwa popote, hayatashushwa kamwe, na yatarudi nalo jioni.

Magunia hayo yanagharimu nini? Lita moja ya dizeli, ukiondoa sehemu kubwa inayopotea kama joto, inaweza kuinua tani moja takribani mita 1,000 kwenda juu. Basi nusu tani ya ziada, kwa kila mita 300 za kupanda, hunywa dizeli inayojaza kikombe kidogo cha chai. Mtu atasema: kikombe cha chai tu! Ni kweli, na tunataka iwe kweli, kwa sababu wako wanaodhani kwamba hasara ya gari zito iko katika mafuta ya kupandia peke yake. Haiko hapo. Kikombe kile hakirudi gari linaposhuka. Nguvu iliyotumika kuinua yale magunia nane lazima imezwe na breki wakati wa kuteremka, na breki huimeza kwa kuungua na kulika.

Hapo ndipo inapoonekana tabia ya uzito, ambayo mafundi wanaijua na sisi wengine tunaisahau: uzito huzaa uzito. Injini yenye nguvu zaidi ni nzito zaidi. Nguvu hiyo inadai giaboksi nene ili isivunjike, na giaboksi nene inadai fremu imara. Gari likishakuwa zito linadai breki kubwa, breki kubwa zinadai rimu kubwa, na rimu kubwa zinadai matairi ambayo bei yake humfanya mweka hazina avue miwani. Kila kifaa kilichoongezwa kimeongezwa ili kukibeba kifaa kingine. Mwishoni injini kubwa inatakiwa ili kuyavuta hayo yote, nasi tunarudi pale tulipoanzia.

Tulimwendea fundi wetu, mzee wa makamo ambaye ameulea mkonga wetu kwa miaka mingi chini ya mti, tukamwuliza maoni yake. Alifuta mikono, akasema, "Baba, hili la zamani likiugua linaniambia lenyewe. Nasikiliza tu mlio. Lile la V8 likiugua linaiambia kompyuta, na kompyuta hiyo mimi sina."

Tukamwuliza, "Fundi, huwezi kujifunza?"

"Naweza, Baba. Ila nozeli zake ni nane, nazo hazipendi dizeli yenye uchafu. Dizeli ya kwenye madumu mnaijua."

Tunaijua. Mara ngapi tumejaza mafuta ya dumu kijijini kwa kuwa kituo kiko mbali na mgonjwa yuko karibu!

Kuna hesabu nyingine iliyotusumbua zaidi kuliko zote, na ndiyo iliyoipa tafakari hii kichwa chake. Katika kila farasi mia wa injini, ni wangapi wanaovuta mzigo, na ni wangapi wanaovuta gari lenyewe? Mkonga umeundwa kubeba mzigo unaokaribia tani moja. Ukijaa, karibu theluthi ya uzito wote unaotembea ni mzigo. Shangingi, kwa kuwa limekwisha kujijaza uzito wake lenyewe, hubakiziwa nafasi ya kilo mia sita na kitu. Likijaa, mzigo ni kama sehemu moja ya tano tu. Kwa hiyo lile lenye nguvu nyingi ndilo linalobeba kidogo.

Shukeni ngazi hiyo mpaka chini. Probox, ile inayofanya kazi ya mchomoko katika barabara zetu, ina uzito wa tani moja na ushei, nayo imeundwa kubeba kilo 400 hivi. Pikipiki ya bodaboda, yenye kilo mia na kidogo, hubeba watu wawili wanaoizidi uzito. Na baiskeli ya kilo 20, ile inayosukumwa na kijana kutoka shambani ikiwa na mikungu ya ndizi kila upande, hubeba mara nyingi ya uzito wake, tena bila tone la mafuta isipokuwa jasho. Tukipima kwa mizani hii, chombo cha fahari kuliko vyote hapa Kamachumu ni baiskeli ya mwuza ndizi.

Wala hatutaki mtu aondoke akidhani kwamba chepesi ndicho chema siku zote. Wepesi una mpaka wake. Mchomoko ulioundwa kwa watu watano ukipakiwa watu kumi, wengine wakiwa wamekunjwa nyuma kwenye buti, umegeuka kuwa gari zito lenye breki za gari jepesi, na hakuna hatari kubwa kuliko hiyo kwenye mteremko wa mvua. Eneo hili la magharibi ya ziwa lina miaka ambayo hupata mvua ya milimita 2,000, na udongo wake mwekundu ukilowa haumjali mtu. Haki inatudai pia tuseme kwamba shangingi lina mifuko ya hewa, lina mikanda kila kiti, na lina springi laini. Mkonga huwakalisha watu wa nyuma wakitazamana kwenye mabenchi mawili, mara nyingi bila mikanda, juu ya springi za vyuma bapa ambazo humkumbusha msafiri kila mfupa alioumbiwa.

Lakini usalama wa nani? Gari zito humlinda aliye ndani yake, na ni halali. Likigongana na jepesi, jepesi ndilo linaloumia. Barabara ya Muhutwe, Kamachumu hadi Muleba haina magari peke yake. Ina watoto wa shule, ina akina mama wenye vichanja vya ndizi kichwani, ina kijana yule wa baiskeli. Nguvu ya kuumiza inayobebwa na gari huongezeka pamoja na uzito wake, na ikienda kwa kasi maradufu nguvu hiyo huwa mara nne. Farasi wa ziada tutakaopewa hatutaweza kuwatumia bila kumkosesha mtu mwingine amani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye juu ya kiti cha ngozi hausikii uzito wa gari lake, bali anayepishana nalo akiwa kwa miguu ndiye anayeusikia.

Hata wasiopita barabarani huuchangia. Mwaka 2017 serikali yetu iliifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, na mzigo wake ukahamishiwa katika kila lita ya petroli, ya dizeli na hata ya mafuta ya taa. Tangu hapo anayetumia lita nyingi hulipa zaidi, na hilo ni haki. Ila bibi mwenye kibatari naye aliingizwa katika hesabu ya barabara bila kuwa na gurudumu hata moja.

Huenda mtu akatuambia kwamba haya ni maneno ya wasio nacho, na kwamba barabara mbaya zinataka gari lenye nguvu. Historia ya Afrika Mashariki ina la kusema juu ya hilo. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalisifika duniani kwa tope na vumbi lake, yaani kwa barabara kama zetu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo ambayo haikuwa mpya. Miaka ya 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu walilijua kama gari la familia na la teksi. Mwaka 1974 Joginder Singh alirudi na Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6, akaitangulia Porsche yenye injini ya lita 2.7 iliyoendeshwa na Björn Waldegård wa Sweden. Porsche ile haikuwa nzito, na Lancer ile haikuwa ya kawaida kabisa, kwani iliandaliwa kwa mashindano. Hata hivyo wenye Porsche walijaribu mara kadhaa katika miaka ile, na ushindi wa Safari haukuwaangukia. Barabara mbovu humpa tuzo anayefika, na anayefika ni yule ambaye gari lake halikuvunjika.

La kushangaza zaidi ni kwamba watengenezaji wenyewe wameanza kurudi nyuma. Mfululizo wa 300, uliochukua nafasi ya ule wa 200 mwaka 2021, ulipunguziwa uzito wa takribani kilo 200, na V8 ya dizeli ikaachwa kwa ajili ya V6 ndogo ya lita 3.3 ambayo ina nguvu kuliko ile iliyotangulia. Mwaka 2023 mfululizo wa 70 nao uliongezewa injini ya silinda nne na lita 2.8 tu, yenye tabo, inayotoa takribani nguvu za farasi 200. Hizo ni sawa na zile za V8 iliyokuwa ikifungwa katika mfululizo huohuo kwa baadhi ya masoko. Waliokuwa wakiongeza sasa wanapunguza, nasi tusije tukawa tunaingia mlango ambao wao wanautokea.

Kwa sisi makleri lipo pia neno ambalo hatuwezi kulikwepa. Mwezi Julai mwaka 2013 Baba Mtakatifu Fransisko, aliyetutoka Aprili 2025, aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba humwumiza kumwona padri au mtawa katika gari la toleo jipya kabisa. Hakukataa gari. Alikiri kwamba linahitajika kwa kazi, akasihi lichaguliwe lililo la kawaida zaidi. Miezi miwili baadaye padri mmoja wa Italia alimzawadia Renault 4 ya mwaka 1984, iliyokwisha kutembea kilomita 300,000, naye akaipokea kwa furaha. Mnaona basi kwamba hata zawadi zina uzito mbalimbali.

Tulidhani mahesabu haya yamemaliza hoja. Ndipo mama mmoja wa halmashauri, mkunga wa siku nyingi, alipotusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Baba Paroko, yote ni kweli. Lakini mimi nimekaa kwenye yale mabenchi na mzazi mwenye uchungu, usiku, mvua inanyesha, tukienda Ndolage. Kila shimo alilia. Siku ile sikuwaza gunia la kahawa. Niliwaza springi."

Hatukuwa na la kumjibu papo hapo, na tungekuwa wapumbavu kama tungelijibu. Mkonga wetu umewapeleka wengi hospitali ya Ndolage ya ndugu zetu Walutheri, na wengine hadi Rubya. Mzazi mwenye uchungu hapimwi kwa lita za dizeli. Iwapo wepesi tunaousifia utakuwa wepesi wa sisi kukaa mbele kwa raha, huku ugumu wa springi ukiachiwa aliyelazwa nyuma, basi nasi tutakuwa tumemtwisha mwenzetu mzigo na kuuita usufi.

Kwa hiyo haya ndiyo maoni yetu, nayo ni maoni tu, kwa maana kura ni ya halmashauri. Tumwandikie ndugu yetu wa mjini barua ya shukrani za dhati, na tumweleze ukweli wote: kwamba tunaweza kulipokea gari lake kwa siku moja, lakini hatuwezi kulilisha kwa miaka kumi. Tumwombe, akiridhia, aliuze huko huko ambako barabara ni za lami na mafundi wa kompyuta wapo, na sehemu ya fedha aielekeze katika mkonga. Akikataa, zawadi ni yake, na upendo wetu kwake haupungui. Tukiupata huo mkonga, kitu cha kwanza kitakachofungwa kisiwe redio wala kapeti. Benchi moja la nyuma liondolewe, na mahali pake pafungwe kitanda cha mgonjwa chenye godoro nene na mikanda, na kiti cha msindikizaji. Yule mama mkunga ndiye alale juu yake kwanza, tukilizungusha kutoka hapa hadi Muhutwe na kurudi, ndipo aseme kama kinafaa.

Akisema hakifai, tutakaa tena. Ninyi mnaokuja Jumapili njooni mkiwa mmejiuliza swali hili, kila mmoja kwa gari lake na kwa nyumba yake: katika vyote tulivyo navyo, ni vingapi vinavyobeba watu, na ni vingapi vinavyojibeba vyenyewe?

Kikao ni mara baada ya Misa ya pili. Tunawatakia juma jema, na safari salama kwenye utelezi huu.